Simu ya Jioni Kutoka kwa Baba

Baba yangu alikufa akitengeneza jokofu la bucha, na baada ya kuzikwa akawa anampigia Bibi simu karibu kila jioni. Usikunje uso, hakuna jini humu. Aliyekuwa akipiga ni mimi.

Sauti yangu ilichelewa kuvunjika. Nilikuwa kidato cha nne tayari, na ilipomaliza kukwaruza kama bawaba kavu, ikatua palepale alipoiacha Baba. Katikati ya matanga fundi mwenzake alipiga kutoa pole. Nikapokea, nikasema "halo." Mtu mzima yule akaitupa simu. Nasikia alilala na taa inawaka juma zima. Watu walicheka msibani, nami nikacheka nao, kwa sababu kazi yangu nyumbani ni hiyo. Bibi aliniita Redio tangu nilipoanza kusema, na akawaambia wazazi wangu kwamba mimi ni ile aina ambayo kitufe cha kuzimia kimesahauliwa kiwandani.

Bibi ni mama mzazi wa Baba. Ujana wake aliumaliza kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, hedifoni kichwani, mbele ya ubao wa matundu na plagi, akiunganisha wodi na maabara, wake na waume waliolazwa, madaktari na watu ambao madaktari hawakutaka kuongea nao. Alijua watu kwa koo zao. Alikuwa akisema kuna daktari mpasuaji ambaye yeye alimtambua kwa jinsi daktari huyo alivyovuta pumzi kabla ya kusema neno, na kwamba pumzi hiyo ilimwambia kama mgonjwa amepona au la.

Kisha kichwa chake kikaanza kuvuja. Kwanza majina, halafu njia ya dukani, halafu chai aliyokwisha kuinywa. Baba alipokufa, Bibi alikuwa mbele kabisa makaburini. Alitupa udongo kwa mkono wake, akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi akatoka chumbani amejifunga khanga vizuri, akaniuliza, "Baba yako ameshaenda kazini?"

Tukamwambia. Akaanguka upya, kama vile habari imeingia muda huohuo, maana kwake ilikuwa imeingia muda huohuo. Baada ya siku chache akauliza tena, tukamwambia tena. Mara ya mwisho alijigonga kwenye kabati akachanika juu ya jicho, na wakati anashonwa akawa anauliza kwa nini mwanawe haji kumchukua.

Shangazi, dada yake Baba, akakata shauri palepale kwenye benchi la zahanati. "Basi. Hakuna atakayemwambia tena. Amesafiri. Amepata kandarasi ya vyumba vya baridi, mji wa mbali."

Kwa hiyo tukawa nyumba yenye msiba inayoficha msiba. Picha za Baba tuliziacha ukutani, kwa sababu mtu aliyesafiri picha zake haziondolewi. Mama, mjane, alivaa nguo za rangi. Kila asubuhi alimpelekea mkwewe chai, na akiulizwa habari za mumewe anajibu, "Hajambo, anakusalimu," kisha anaondoka kwenda kwenye duka la dobi anakopiga pasi. Kilio chake alikipeleka huko, kwenye mvuke, ambako kila mtu ana uso wa maji.

Simu zilianza siku Bibi alipogoma kula. Alifunga mdomo kama mtoto: hali chochote mpaka mwanawe apige. Shangazi akanitia mkononi simu ya Baba, ambayo Mama alikuwa bado akiichaji, akanisukuma ngazini.

"Ongea."

"Niongee nini?"

"Leo ndiyo umekosa la kusema? Ongea!"

Nikashuka mpaka chini ya ngazi, penye mapipa ya taka. Nikakohoa kile kikohozi kifupi cha Baba. "Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba, baba!" Alivyoitikia, hata mapipa nadhani yalisikia. "Goti lipo, linakungoja wewe ulikande."

Siku ile alikula sahani mbili. Basi mimi nikaajiriwa.

*

Habari ya mazoezi ya ubongo ililetwa na Shangazi, aliyeambiwa na mwenzake wa ofisini. Ghorofani juu ya duka la vigae kulikuwa na kituo chenye vyumba viwili na pazia, na humo mtaalamu mmoja kijana, mpole, ambaye jina lake Bibi hakulishika, akamwita Dada wa Kofia. Kofia yenyewe ni kama ya waogeleaji, imetobolewa matundu, na kila tundu lina waya na kipande cha sponji kilicholoweshwa maji ya chumvi.

"Mnanitibu au mnanikolezea mchuzi?" Bibi aliuliza tone lilipomshuka shingoni.

"Hakuna sindano Bibi, wala umeme hauingii. Kofia inasikiliza tu."

"Inasikiliza nini?"

"Kichwa chako kinavyofanya kazi."

"Basi iambie isiende kusimulia."

Kwenye skrini kulikuwa na taa iliyochorwa. Akili ikitulia mahali pamoja, taa inang'aa. Ikizurura, taa inafifia. Ndiyo kazi yote: kukaa na kuiwasha taa kwa kuikazia akili. Sehemu ya pili ilikuwa ya kusikiliza. Anavaa hedifoni, sikio la kulia mwanamume anasoma habari, la kushoto mwanamke anasoma habari nyingine, na Bibi anapaswa kumfuata mmoja tu, akibonyeza kitufe kila msomaji huyo anapotaja rangi. Baadaye sauti hufananishwa, mpaka zikaribie kuwa moja, na swali linakuwa: ni watu wawili hawa, au ni mmoja?

Dada wa Kofia hakutudanganya. Alituketisha, akasema, "Hii haiponyeshi. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Tunakiimarisha kilichobaki, na kwa muda." Shangazi akaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu, kama mtu anayekubali bila kusikia.

Mimi ndiye niliyempeleka Bibi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani nangoja majibu ya chuo, na majibu nayo yalikuwa yananingoja mimi nikate tamaa. Pale barazani pa kituo, penye kungojea zamu, kulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu aliyemwamkia Bibi upya kila alipogeuza shingo, na Bibi akamwitikia kila mara kwa heshima zote, kwani naye alishaisahau ile ya kwanza. Nikawaambia, "Nyie oaneni tu. Hamtachokana."

"Nina mume tayari," Bibi akasema, akininyooshea kidole. "Mvivu, hana kazi, lakini anachekesha."

Wiki za mwanzo taa iliwaka kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Alisinzia, alivua hedifoni, alimwuliza Dada wa Kofia kama wodi ya wazazi imejibu. Nilishaanza kuona tunapoteza muda. Halafu siku moja nyumbani, Bibi anasikiliza taarifa ya habari, akainua kidole bila kugeuka: "Maziwa." Nikakimbia jikoni. Yalikuwa yanapanda, bado kidogo yamwagike. Alikuwa ameyasikia yanavyoanza kunguruma huku habari zikiendelea, na baada ya kuyaokoa akanieleza waziri alisema nini.

Shangazi alikuja Jumapili. Kwa muda mrefu Bibi alikuwa akimwita nesi wa zamu, akimwuliza atabadilishana na nani. Siku hiyo alimtazama mlangoni, akatabasamu. "Kidole! Mbona umekonda?" Kidole ndilo jina la utoto la Shangazi, kwa sababu alinyonya kidole mpaka darasa la tatu. Mwanamke mzima, bosi wa watu ofisini, alikaa chini sakafuni akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini mimi niliitazama kwa hofu. Kwa sababu kila kilichokuwa kinarudi kwa Bibi kilikuwa kinakuja upande wangu.

Zamani ningeweza kumwambia chochote kwenye simu. Leo niko chumba cha baridi cha samaki, kesho cha maua, na yote yanafutika kabla hajakata. Sasa akaanza kunikamata.

"Jana si ulisema mota imepona?"

"Imeharibika tena, Mama."

"Ulisema umeweka mpya."

"Hiyo mpya ndiyo imeharibika."

"Wewe, fundi wewe, uliwekaje mota mbovu?"

Mwongo anahitaji kumbukumbu nzuri kuliko mtu yeyote, na yangu ilikuwa imeozeshwa na mtu ambaye hakuwahi kunikagua. Nilianza kulala nikirudia uongo wa siku hiyo. Nilijua nimefika pabaya nilipoona Dada wa Kofia analowesha sponji, nikatamani anivalishe mimi.

Na kuna jambo sikumwambia mtu. Zile simu sikuwa nazipiga kwa ajili ya Bibi peke yake. Pale chini ya ngazi, nikishakohoa, kulikuwa na dakika chache ambapo mtu alikuwa akiongea na Baba na Baba akijibu. Bibi alimweleza kwamba Redio amezidi uvivu. Baba akamjibu amwache kijana, akili anayo. Nilikuwa najisifu kwa mdomo wa marehemu, ndiyo. Wewe ungekuwa na mdomo huo ungefanyaje?

*

Waliogombana ni Mama na Shangazi, jikoni, Bibi akiwa amejipumzisha chumbani. Waligombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona una sumu zaidi.

"Unamwamsha umwonyeshe nini?" Mama aliuliza. Alikuwa anakata vitunguu, kisu kinagonga ubao kwa hasira. "Sema, wifi. Akishaamka kabisa, utamwonyesha nini?"

"Nataka mama yangu anijue. Kosa langu ni hilo?"

"Akikujua wewe, atawahesabu watoto wake wote. Au unadhani ataishia kwako?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo tulipoanza. Tulimpeleka mtu akazibuliwe masikio, halafu tukabaki kwenye nyumba iliyojaa uongo tukimshangilia anavyosikia vizuri.

"Tuache mazoezi," Mama akasema.

"Mungu apishe mbali. Ameniita Kidole!"

"Basi tumwambie. Tukae chini wote, tumwambie kama watu. Safari hii itabaki kichwani, hatalazimika kufiwa kila wiki."

"Ulimwona alivyoanguka. Wewe ulimwona."

"Na mimi nani ameniona?" Mama akasema, na kisu kikanyamaza. "Mimi nimefiwa na mume, wifi, nami kila asubuhi naleta salamu zake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza.

Wakakubaliana: Jumapili. Shangazi angekuja mapema, Dada wa Kofia angeombwa ushauri, Bibi angewekwa kati yetu na kuambiwa taratibu. Mpaka siku hiyo nisipige, ila mara moja tu, niseme mtandao wa huko si mzuri, asishtuke kwa kimya.

*

Siku ya simu hiyo ya mwisho ilinyesha. Mvua ya mchana ilishika mpaka saa kumi na moja jioni haijaachia, na chini ya ngazi mapipani palikuwa pamejaa wapita njia waliojikinga, wamebanana, hawana la kufanya ila kusikiliza ya wenzao. Nikapanda tena. Mama hajarudi. Bibi yuko sebuleni kwenye kochi lake, simu yake ndogo ya vitufe mapajani, anangoja.

"Baba yako kachelewa leo," akaniambia.

"Mvua, Bibi."

"Mvua ya huku inamhusu nini yeye wa kule?"

Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikageuza ndoo nikaikalia. Bafu letu limepakana na sebule. Juu karibu na dari kuna matofali ya matundu ya kupitishia hewa. Niliyaona. Nikajiambia Bibi mwenye simu sikioni ni Bibi wa sikio moja. Miezi michache nyuma ningekuwa sahihi.

Simu ikaita. Nikaisikia ikiita mkononi mwangu, na ikilia kule kwake.

Nikakohoa. "Shikamoo Mama."

"Marahaba." Halafu akanyamaza, si kimya cha kusahau. Namjua Bibi akisahau, pumzi inakuwa nyepesi. Hii ilikuwa pumzi ya mtu kazini.

"Mama? Nilitaka kukuambia, mtandao wa huku..."

"Sema tena."

"Nilitaka kukuambia mtandao—"

"Laini ina kasoro. Hesabu, nipime. Moja mpaka kumi, kama mafundi wa laini wanavyofanya."

"Mama, mimi fundi wa majokofu."

"Hesabu."

Nikahesabu. Ningefanya nini? Moja. Mbili. Kochi likalia. Tatu. Ndara zikaanza kuburuzika sakafuni, pole pole, kwa sababu ya goti. Nilitaka kunyamaza, lakini nikinyamaza nitakuwa nimekiri, nikaendelea kwa sauti ya Baba, nne, tano, huku kivuli kikisimama chini ya mlango. Kitasa kikageuka. Sita.

Bibi alikuwa amesimama na simu sikio la kulia. Aliiondoa sikioni, akasikiliza. Akairudisha, akasikiliza.

"Endelea," akasema.

"Saba," nikasema, na ilitoka kwa sauti yangu, ile yangu kabisa, ambayo nilikuwa nimesahau ikoje.

"Yule binti ananiwekea sauti mbili, anataka nizitenganishe. Leo nimejaribu kuzitenganisha, hazitengani." Hakuwa na hasira. "Ni moja, imeingia huku na imeingia huku. Mwanangu yuko wapi?"

Bado alikuwa ameshika simu sikioni. Nami ya kwangu sikuishusha. Sijui kwa nini, nadhani bila ile simu nisingeweza. Nikamjibu humo humo. "Amekufa, Bibi."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye matundu. Alishika fremu ya mlango, nikainuka haraka nimdake, akanizuia kwa kiganja. Hakuanguka. Ningependa ningeweza kusema hilo lilikuwa jambo jema. Ungemwona uso ungetamani aanguke.

"Lini?"

"Mwaka juzi, kabla ya masika. Umeme, kwenye jokofu la bucha."

"Nani alimzika?"

"Sote. Na wewe ulikuwepo, mbele kabisa."

"Nililia?"

"Ulilia mpaka sauti ikakauka."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, pole pole. "Afadhali. Nilidhani sikumlilia." Kisha akanitazama nilivyorudi kukaa kwenye ndoo na simu ya marehemu mkononi. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulilia?"

"Nilikuwa na kazi nyingi, Bibi. Nilikuwa napiga simu."

Kwa kawaida ningengoja kicheko baada ya neno kama hilo. Hakikuja, na mimi sikukingoja. Alikuja mpaka pale kwenye ndoo, akanivutia kichwa tumboni kwake, na mambo yaliyonitoka hapo si ya kuandika. Redio ilizimika, tuseme hivyo.

Mama alitukuta hivyo. Aliingia ameloa, viatu mkononi, akasimama ukumbini. Hakuuliza. Bibi akamgeukia.

"Kumbe wewe mjane."

"Ndiyo, mama."

"Na unaniletea chai kila asubuhi unacheka."

Mama akafungua mdomo atoe moja ya yale majibu yake, hajambo, anakusalimu, sijui lipi, na badala yake ukatoka mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku ya maziko. Majirani wa juu waligonga mlango kuuliza kuna nini. Nikatoka kuwaambia kuna msiba. "Wa nani?" wakauliza. Nikawaambia wa Baba. Walinitazama kama mimi ndiye mwenye ugonjwa.

*

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wote sebuleni kabla jua halijapanda, Shangazi pia, aliyekuja na nguo aliyolalia chini ya koti. Hakuna aliyesema tulichokuwa tunangojea, lakini kila mmoja alijua. Tulikuwa tunangojea asahau. Shangazi alikuwa anasali, na nina hakika aliomba hivyo hasa: kwamba kile alichokihangaikia miezi yote kisiwe kimefanya kazi.

Mlango wa Bibi ukafunguka. Alikuwa amevaa gauni la kijivu la msibani.

"Msinipe habari," akasema. "Ninazo."

Shangazi akamshika miguu. "Ni mimi niliyekupeleka kule, Mama. Ni mimi."

"Ulinipeleka nikusikie. Nimekusikia. Inuka, Kidole, sakafu ina baridi."

Aliomboleza kama mtu anayejua ratiba. Alitaka aambiwe yote: nguo aliyovaa marehemu, nani alimwosha, nani hakuja. Alitaka kwenda kaburini, tukaenda, akanikemea kwa majani yaliyoota. Usiku hakulala, mchana hakula vizuri. Hakuuliza kamwe kwa nini tulimdanganya. Ningependelea aulize.

Kituoni, taa ilikataa kuwaka. Dada wa Kofia alibadilisha sponji, akakagua nyaya, mwisho nikamweleza barazani. Akarudi ndani akachuchumaa mbele ya kiti. "Bibi, huzuni inakula umakini. Tunaweza kupumzika wiki kadhaa."

"Nikipumzika vitaondoka?"

"Vitu gani?"

"Vya mwanangu. Kwamba amekufa."

Binti wa watu akainama kukaza sponji. "Vinaweza kuondoka hata usipopumzika, Bibi. Si leo. Lakini vinaweza."

"Basi washa."

Akakaa na ile kofia yake ya matundu, maji ya chumvi yakimshuka shingoni, anaikodolea macho taa ya kuchorwa kana kwamba ina deni naye. Iliwaka kidogo, ikafifia. Ikawaka tena. Mwalimu wa hesabu akaniamkia. Nikamwitikia. Akaniamkia tena.

Njiani kurudi nilimwuliza. Nilikuwa sijazoea kumwuliza kitu bila kuzungushia mzaha, na maneno yalitoka yakiwa yamekakamaa. "Bibi, si ingekuwa nafuu usahau tu?"

Alitembea ameegemea mkono wangu. "Nafuu kwa nani? Mimi nikisahau nakuwa mama anayecheka, na mwanawe yuko chini. Nimewahi kuwa huyo. Mlinitazama. Nilikuwaje?"

Nikamsaidia kuvuka mtaro.

"Siku itafika," akasema. "Yule binti hasemi, lakini namsikia kooni. Siku hiyo nitatoka chumbani nikuulize baba yako yuko wapi. Usiniambie amesafiri."

"Sitasema."

"Na usiniambie amekufa."

"Sasa nikuambie nini?"

"Usiniambie. Niulize. Niulize alikuwaje alipokuwa mdogo. Hayo ndiyo yatakayobaki mwisho, nimeona kwa wagonjwa. Nitakuambia mimi, na utakaa usikilize, wala hutaingiza maneno yako. Utaweza?"

"Kukaa kimya?"

"Ndiyo."

"Nitajaribu."

Tunaendelea kwenda. Safari mbili zilizopita, kila mara taa imewaka hafifu kuliko safari iliyotangulia, na Dada wa Kofia amewaita Mama na Shangazi pembeni, akaongea nao kwa muda. Waliporudi Shangazi alikuwa anamfunga Bibi vifungo vya sweta, vyote, mpaka cha shingoni, na hakuna baridi.

Asubuhi mimi huwa wa kwanza kuamka siku hizi. Naketi sebuleni giza likiwa bado halijaisha vizuri, nasikiliza kitanda chake kinalia, nasikiliza ndara zinatafutwa kwa mguu. Mlango unafunguka, ananitazama, anavuta pumzi kabla ya kusema neno, nami najaribu kuisikia hiyo pumzi, kama ni ya mtu anayejua au ya mtu anayetaka kuuliza.

Leo amesema, "Umeamka mapema, mume wangu."

Nikasema ndiyo.